Nyuzi Tisini na Saba

Novemba, Chikongola. Bati halina huruma.
Saa nane mchana chumbani
ni nyuzi thelathini na nne, na sijawasha chochote.
Nawasha.

Feni tano zinaamka kwa zamu,
ya mwisho ina kikohozi:
niliing'oa kwenye kompyuta ya benki iliyotupwa,
nikaifunga kwa waya wa breki ya baiskeli.
Prosesa ilikuja na basi kutoka Dar
imeviringishwa ndani ya soksi.
Kondakta hakujua amebeba nini. Alisema tu,
"Mzigo mwepesi, umelipiwa kama mbuzi."

Kiwandani waliiambia: mbio zako tatu nukta sita.
Mimi nikaiambia: nne nukta tisa.
Nikaipandishia volti kidogo, na kidogo tena,
kama mtu anayemwongezea mgeni wali
huku akimtazama usoni.

Kazi yenyewe ni nyumba ya Bwana Nanjota wa Newala.
Korosho zimemlipa mwaka huu,
anataka kuiona kabla ya tofali la kwanza:
vyumba vinne, baraza, vigae vyekundu,
na jua la asubuhi lipite dirishani
litue kwenye sofa ambalo bado hajalinunua.
Basi mashine yangu inapiga hesabu ya jua,
mwale mmoja mmoja,
unagonga ukuta, unarudi, unagonga kioo,
na juu ya bati jua lenyewe
halipigi hesabu yoyote.

Themanini na moja.
Themanini na nane.
Nimelifungua kasha ubavuni.
Nimesogeza feni ya Somoe, ile ndefu ya kusimama.
Nimeweka beseni la maji mbele yake, nimeliondoa:
hewa ya hapa ina unyevu wake na chumvi yake,
kila skrubu imeota kutu kama jino la mla tumbaku.
Tisini na tatu.
Tisini na saba.
Giza.

Si umeme. Redio ya jirani inaendelea kutangaza mpira.
Ni yenyewe imejizima,
imekataa kufa kwa ajili ya sofa.
Picha mia mbili na kumi na mbili, kati ya mia tatu.

Nikakivua kipoza joto, kikanibabua kidole gumba.
Chini yake grisi: nene, kavu, imepasukapasuka
kama dimbwi la Septemba.
Dada yangu amesimama mlangoni, liwa usoni.
"Umepaka wewe hivyo?"
"Nyingi ndiyo inapoza."
Alicheka kwa macho tu, asije akaivunja liwa.
"Nene inakaa juu yako. Nyembamba ndiyo inayoshika ngozi."

Nikafuta kwa spiriti na kipande cha kanga kuukuu;
kwenye jina lake limebaki neno moja, JIRANI.
Tone moja, punje ya choroko.
Kumbe grisi haikuitwa iwe godoro,
imeitwa izibe vijishimo
pale chuma na chuma vinapokosa kugusana.

Kisha nikafanya nililolikwepa wiki nzima.
Nikaingia kwenye mipangilio, nikashusha.
Nne nukta sita. Volti nayo, chembe moja chini.
Iliniuma, sikufichi.
Ile nukta tisa nilishaitangaza mpaka Shangani,
na Chitanda wa duka la simu
ananidai sasa kreti la soda.

Usiku bati likaanza kulia, tak, tak,
likirudisha joto la mchana kwa mwenyewe.
Nikalala sakafuni, mgongo kwenye saruji,
kila nikifumbua jicho naitazama namba.
Sabini na tisa.
Sabini na tisa.
Sabini na nane.

Saa kumi na moja kasoro, picha ya mia tatu:
jua la Nanjota likapita dirishani,
likatua kwenye sofa, taratibu, bila kuunguza kitu.
La kwetu lilikuwa halijachomoza.
Nikataka kumwita Somoe aje aone.
Alikuwa ameshaingia.
Amekuja kuchukua feni yake.