Dumu la Manjano

Mgeni, kaa katikati, usiegemee upande.
Kayaki haina subira na mwenye papara.
Ufito ushike hivi, kidole kwenye mshipi.
Ndiyo, maji yametulia.
Kila atokaye Kampala husema hivyo
huku akipiga picha.

Hapo ulipo, chini ya makalio yako,
pima sita kwenda chini,
kuna mwamba nauita Kibogoyo.
Jina niliupa mimi.
Jino uling'oa wenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Tuliruka kwenye maporomoko tumekumbatia dumu,
dumu la mafuta ya kupikia, lita ishirini,
kizibo tumekikaza kwa mpira wa baiskeli.
Watalii walisimama juu ya jabali
noti zikipepea mikononi,
wakihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu.
Tukiibuka kabla ya kumi, walilipa nusu.
Tukichelewa, walilipa vizuri.
Basi tukajifunza kuchelewa.
Isabirye alijifunza kutupita wote.

Halafu bwawa likafungwa milango.
Maji yakapanda taratibu,
kama mgeni anayevua viatu mlangoni.
Yakameza Kibogoyo, yakameza jabali la watalii,
yakameza kijia tulichopanda tukitetemeka
kwenda kununua roleksi ya mayai mawili.
Usiku ule wa kwanza mama hakulala.
Aliketi kizingitini na shuka begani,
akaniuliza:
"Mudoola, nani amenyamaza?"

Alikuja kuzoea, miaka baadaye,
nyaya za umeme zilipopita juu ya migomba yetu.
Mvua ikinyesha, nyaya huvuma.
Naye hutega sikio, husema: "Haya, yamerudi."

Teremsha mshipi. Zaidi. Usiogope kina.
Ngege hupenda ubavu wa mwamba,
na miamba yote ya hapa naijua kwa magoti.
Wale wa mashua ya muziki hawajui.
Huzunguka Jumapili nzima na kreti za bia,
watoto wamevimba ndani ya majaketi ya kuokolea,
hurusha ndoano popote,
hurudi Jinja na samaki wa kununua.
Siwacheki. Wengine hununua kwangu.

Dumu? Bado ninalo.
Lile pale, karibu na magugu,
limepauka upande mmoja kwa jua.
Nimelifunga kamba, na kwenye kamba ndoano arobaini.
Mchana kutwa linaelea tu, halina kazi,
linanitazama kama mtu tuliyekula naye njama.

Lakini likizama,
likizama ghafla hivi, umeona?
mkono wangu huacha kafi,
na mdomo, bila kuniomba ruhusa, huanza:
moja,
mbili,
tatu,
nne...

Samahani, mgeni. Ulikuwa unasema nini?

Nane.
Tisa.

Limeibuka.
Haya, piga kafi, twende tukavute.
Ni samaki tu.