Sifuri Nukta Nne

Walitabiri saa kumi. Radi, upepo, mvua ya mawe.
Odembo akapanda paa la shule pale Mamboleo,
akapangusa kipimamvua kwa shati lake,
nami nikaanua nguo za jirani bila kuombwa.

Wingu likaja kweli, jeusi kama sufuria ya matanga,
likasimama juu ya Kajulu likinguruma
mithili ya mtu anayesaka funguo mfukoni.
Mmweko. Tukahesabu hadi kumi na tisa.
"Linakuja," akasema.
Mmweko. Ishirini na sita.
Hakusema tena.

Likakata kona kuelekea Nandi.
Akeyo akapiga simu kutoka Chemelil:
mabati huku yanapiga mayowe, hamsikii?
Tulisikia. Kwenye simu.

Kwetu yalidondoka matone ambayo ungeweza kuyapa majina.
Moja lilitua daftarini, juu ya neno dhoruba,
likafuta *dho*,
ikabaki *ruba*.

Usiku tukasoma kipimo kwa tochi.
Odembo akaiandika ile nukta nne kwa kalamu nyekundu,
akapulizia wino ukauke, japo hapakuwa na unyevu wowote,
kisha akauliza, polepole,
kesho wamesemaje.