Kina

Kila siku, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni,
nashuka mtoni Lwanyembe na daftari la serikali.
Chini ya daraja la magogo kimesimama kipimo cha chuma,
cheupe na cheusi, kina namba hadi mita tatu.
Kazi yangu ni kusoma maji yamegusa wapi.
Basi. Sijaajiriwa kulia.

Kabla yangu alisoma baba, Otmari Kihwele,
miaka ishirini na sita, kwa mwandiko wa kulala.
Namba aliziandika ndani ya safu,
na pembezoni, palipokatazwa, aliandika beti:

*Maji yamefika shingo, vinyungu vinashukuru,*
*mto waja kwa maringo, wapita pasi ushuru.*

Siku hizo maji kufika shingo
ilikuwa habari njema.

Mimi nimeandika, Novemba hii:
sentimita kumi na nne.
Kumi na moja.
Tisa.
Tope.
Mkaguzi kutoka bondeni amelizungushia wino mwekundu.
Anasema tope si namba.
Namjibu, niongezee safu.

Mto ukipoteza kina, shairi nalo hupoteza vina;
msinilaumu kwa mistari hii inayotembea peku.
Mvua iliyokuja na mbegu sasa inakuja na Krismasi,
kisha inakuja yote, usiku mmoja, kama mgeni mlevi,
inazoa viazi vya Gaudensia pamoja na udongo wake
na kumwachia mawe, meupe, yaliyooshwa vizuri.
Mianzi imegoma. Tumegema kutwa,
mbeta zimerudi na umande na nzi wawili.
Ukungu wa Mufindi, uliokuwa ukitulaza hadi saa nne,
siku hizi unachungulia tu bondeni, unaondoka.

Kamwene, mheshimiwa.
Ulikuja mwezi wa tatu na miche mia tano.
Ulipanda mmoja, ukapigwa picha, ukanawa mikono
kwa maji niliyokuchotea mimi.
Mia nne tisini na tisa ilikaukia nyuma ya ofisi ya kata,
ingali ndani ya viriba, kama watoto
waliovalishwa sare wakasahau kupelekwa shule.
Sikuombi mche mwingine.
Nakuomba uzilinde mita sitini za sheria, uzilinde hata
shamba lililoziingilia likiwa la shemeji yako.
Na ukialikwa ng'ambo, kwenye kumbi zile baridi
wanakopima joto kwa nukta na kuahirisha kwa miaka,
fungua daftari hili, usome kwa sauti.
Waambie moshi wao tunaujua:
hatujauona, lakini tunaukuta mtoni
kila saa moja asubuhi.

Nasi wa hapa tusijifanye wageni msibani.
Milingoti pale chemchemini haikupandwa na Wazungu.
Ilipandwa na kaka yangu, nikamshikia jembe,
na mbao zake zikamlipia mwanangu ada ya kidato cha nne.
Nilikula. Siwezi kusema sikula.
Juzi nilikwenda na shoka nikaanza na mmoja.
Kisiki kikanichuna ngozi ya kiganja;
huu mwandiko mbaya ni kwa sababu hiyo.
Jana walikuja wengine wanne. Leo kumi na mmoja,
na mtoto mmoja aliyekuja kwa ajili ya kuni.
Hatutoshi. Hata kijiji kizima hakitatosha.
Lakini kisiki hakisubiri bajeti.

Saa kumi na moja jioni. Sentimita saba.
Nimeijaza namba ndani ya safu, kwa kalamu ya serikali.
Kisha pembezoni, palipokatazwa,
nimeanza kwa maneno ya baba:

*Maji yamefika*

Mizani sita. Mbili zilizobaki
siwezi kuziandika peke yangu.