Herufi Isiyo Yetu

Saa tisa na robo usiku, yadi ya magreda, Winnipeg.
Nje ni hasi thelathini na moja, hata dizeli inasita.
Ndani skrini nyeusi, maandishi ya kijani,
na mimi, Shekue wa Pongwe, napanga njia za theluji:
greda namba tatu, Selkirk; namba saba, McPhillips;
namba tisa imeharibika gia, iache ilale.

Kisha kishale kikakoma.

Nikapiga herufi, haikutokea.
Nikapiga nyingine. Nikapiga kama mgeni mwenye haki
anayebisha kwa jamaa waliozima taa.

Mto umeganda tangu Novemba na sikuulalamikia.
Hiki kihariri kina udhuru gani?
Chumba kina joto, feni inavuma, chai yangu inafuka.

Nikafungua dirisha la pili, nikaomba orodha ya walio hai.
Kimo. Hakitumii hata punje ya nguvu,
na ubavuni mwake herufi moja, S:
kimelala.
Kulala si kufa, nikajiambia, ila kidole
kilishakuwa juu ya ile amri ya tisa,
isiyogonga mlango wala kuaga,
na faili sijalihifadhi tangu saa saba.

Simu kwa Halyna wa zamu ya mchana. Sauti ya blanketi.
"Mwisho umebonyeza nini?"
Sijabonyeza kitu.
"Hakuna anayebonyezaga kitu. Mwisho, nini?"

Nikautazama mkono wangu wa kushoto kama mtuhumiwa.
Kidole kidogo na cha pete: Kontroli na S.
Miaka minne, stesheneri ya Barabara ya Nane, Tanga,
nikichapa barua za watu kwa mia mbili ukurasa,
umeme ukiondoka bila hodi,
hadi vidole vikashika dini yao:
kila nukta, hifadhi; kila nukta, hifadhi.
Vimepanda ndege nayo. Nani angeviambia
kwamba kwenye terminali S ni simama,
amri ya kale, ya mitambo iliyotema karatasi
kasi kuliko macho ya msomaji?

Nimeiambia nyamaza kwa mkono wangu,
kisha naigombeza kwa kunyamaza.

"Kontroli na Q," akasema Halyna, akakata simu.

Q. Herufi ambayo Kiswahili hakikuiajiri.
Kwenye kibodi yangu ndiyo safi kuliko zote,
haina jasho, haina grisi, haijawahi kuitwa.
Nikaibonyeza.

Yakamwagika kwa mkupuo.
Kumbe ilikuwa ikisikia, neno kwa neno, ikiweka:

amka amka amka we gogo wee
jjjjjjjjj
greda namba saba mcphillips kisha kisha
mama saumu theluji hii haina mwisho
kisima kimejaa? mtoto ameacha kukohoa?
nirudi Pongwe lini

Sikumbuki kuandika hayo. Vidole vilikuwa peke yao.
Nusura namba saba itumwe Pongwe kuzoa theluji.

Nikafuta. Gogo, nikafuta. Zile j zote, nikafuta.
Kisima, kikohozi, nikafuta taratibu,
nikamrudisha namba saba barabarani kwake.
Saa kumi kasoro tano magreda yakaanza kunguruma,
vioo vikatetemeka, dereva mmoja akanipungia glovu.

Upo mstari wa kuizima S isisimamishe tena;
Halyna ameutuma baadaye, bila salamu.
Nitauweka kesho. Pengine.

Kwenye faili kumebaki mstari mmoja.
Nimeutia alama ya reli mbele,
mashine ikifika hapo iupite bila kuusoma.
Upo bado, chini ya greda namba tisa iliyolala:

# nirudi Pongwe lini