Pengo

Miskolc, shule ya jioni, Februari 1958

"Jibu kwa kifupi, mistari isizidi miwili,"
niliandika ubaoni. Chaki ilikuwa na unyevu.
Wanafunzi thelathini na mmoja, wengi wa kiwanda cha chuma,
mikono imezoea koleo, kalamu inawaponyoka.
Sasa ni saa tano usiku, nasahihisha.

La kwanza: Kwa nini makabaila wa Uingereza
walizungushia ua ardhi ya wanakijiji?
Szendrei: "Kondoo hadai mshahara."
Alama mbili. Nimecheka peke yangu,
jiko likanijibu kwa kikohozi.

La pili: Fedha ya Potosí iliishia wapi?
Bálint wa tanuru namba tatu:
"Kwa wadai wa mfalme. Mfalme alibaki na risiti."
Mwingine kaandika "Uchina", naye kapata.
Mwingine, "Mfukoni." Huyo nimempa nusu.

La tatu, anguko la ishirini na tisa:
"Kila mtu alikopa
akitumaini jirani ndiye atachelewa kuamka."

La nne: Toa mfano mmoja wa mfumuko wa bei.

Hapa Bi Etelka Vadász, mfagizi wa ofisi za reli,
amevuka mistari miwili, amevuka pambizo,
kageuza karatasi, kaendelea nyuma:

"Mwaka wa arobaini na sita, pesa yetu ikiitwa pengő,
mume wangu alilipwa saa nne asubuhi,
mimi getini nangoja, ninyakue nikimbie sokoni.
Saa sita mshahara haukutosha kiberiti.
Tulifagia noti barabarani pamoja na majani.
Nikauza cherehani kwa mkulima mwenye mkokoteni:
unga gunia moja, mafuta ya bata bukini kikombe.
Meza yake ina alama ya pasi, upande wa kushoto.
Niliiunguza siku niliyojua nina mimba."

Mwongozo wasema: akizidisha, punguza.

Kwetu, kijijini Emőd, kulikuwa na cherehani.
Mama hakujua kushona hata kifungo.
Aliifunika kitambaa cha lasi, juu akaweka chungu cha maua,
nami pembeni nikafanyia hesabu za asilimia.
Alama ya pasi siikumbuki.
Nakumbuka kitambaa kile kilikuwa hakiguswi.
Mikokoteni ilikuwa mingi mwaka ule,
baba alipenda kusema, bila kuulizwa.

Nimempa mbili. Nimefuta. Nimempa mbili.

La tano: Nani alifaidika?
Wenzake wameandika: walanguzi; wenye madeni;
mmoja, kwa herufi kubwa, "WENYE NGURUWE."
Bi Etelka ameandika namba ya swali,
akaweka nukta,
akaacha pengo la mistari miwili, safi kabisa,
kama sakafu aliyotoka kuipiga deki.

Nimechonga penseli nyekundu mara ya tatu.
Imekuwa fupi, haishikiki.