Turubai Lililokunjwa

Alhamisi, baada ya Isha, nyuma ya kituo cha mafuta cha Mawaleh,
tuliegesha kama kawaida, pua zote zikitazama barabara,
boneti wazi, vikombe vya karaki juu ya fenda,
na Yaqdhan akifoka: tia kitambaa chini, rangi hiyo!
Mundhir akaja kwa miguu.

Kwa miguu. Mundhir, ambaye hata msikitini
alikuwa akienda kwa silinda nane.

"Limeibiwa," akasema. "Jumanne usiku. Mlangoni kwangu, Al Hail."
Kama mtu anayesoma kitu alichokiandika kiganjani.

Tulinyamaza kwanza. Kupotelewa na gari ni kama kufiwa:
huulizi, unakaa.
Kisha tukauliza.

Sisi si polisi. Sisi ni watu tunaosikia mkanda
kabla haujakatika. Ukituletea hadithi
tutaiinua kwa jeki,
tutaingia chini yake na tochi.

Ghassan: "Ekzosi ile niliifunga mimi, kwa mikono hii.
Ikinguruma, ving'ora vya magari ya mtaa mzima hulia.
Jirani yako ana pacha wa miezi mitatu. Hawakuamka?"
"Walilisukuma."
"Kupanda kile kilima?"
Mundhir akanywa chai. Ilikuwa moto; aliinywa tu.

Yaqdhan: "Na betri? Jumatatu si uliazima nyaya zangu?"
"Pengine walikuja na betri yao."
"Wezi wenye maandalizi," mtu akasema nyuma,
na kicheko kikawaka, kikazimika, kama taa ya breki.

"Ufunguo wa pili?"
"Upo."
"Uko wapi?"
"Upo tu."

Mimi nilikuwa nimepita kwao Jumatano alfajiri
kumpelekea bi mkubwa wake dawa ya presha.
Nililiona turubai. Limekunjwa mara nne,
ukingo kwa ukingo, kama shuka la hospitali,
limewekwa juu ya kiti cha plastiki
na juu yake jiwe, lisipeperuke.
Mwizi gani huyo, akunjaye?
Na pale sakafuni doa la oili limesuguliwa kwa sabuni,
likagoma, likabaki na umbo la bara lisilo na jina.
Bi Thureya hakunitajia mwizi.
Aliniuliza kama namjua mtu wa kununua matairi manne,
"ya lile gari, mwanangu, mapya, hayajakanyaga hata vumbi."

Siri ya mtungi, kata. Siri ya injini, spana.
Hii yake nilikuwa nayo mdomoni kama kokwa ya tende,
natafuta pa kuitemea.

"Umekwenda polisi?" Ghassan.
Mundhir akaitazama nafasi yake,
ile tuliyomwachia bila kuambizana,
mistari miwili myeupe na kati yake hamna kitu.
"Nitakwenda. Jumapili."

Hapo nikaelewa. Hakumdanganya afande, wala bima,
wala benki; benki ndiyo iliyokuja na lori Jumanne,
ndiyo iliyouchukua ufunguo wa pili.
Uongo mzima, na kilima chake na betri yake,
ulikuwa wetu sisi peke yetu,
watu kumi na mmoja wenye grisi kwenye kucha.
Kuibiwa ni balaa, na balaa hupewa pole.
Kushindwa kulipa hakuna pole kwetu. Kuna nasaha.

Yaqdhan akavuta pumzi, swali jingine likija.
"Nyaya zako ninazo mimi," nikasema. "Nilizichukua kwake."
Uongo nao. Mdogo, wa kuwashia tu.

Tukafunga boneti. Mundhir akapanda kwangu,
akarudisha kiti nyuma, akafunga mkanda.
Hatukusema hata neno hadi mzunguko wa pili.
Akainamisha kichwa, akasikiliza.
"Beringi," akasema, "gurudumu la mbele, kushoto.
Hiyo usiichelewe."