Tundu la Keekee

Tuliinunua Wadi Kabir, mwaka ule wadi iliposhuka
ikachukua kuku wa watu,
kwa riali mia mbili na arubaini
na jokofu lisilogandisha.
Mastangi. Mhandisi wa mafuta alikuwa anarudi kwao,
hana pa kuiweka.
Hakuna aliyetuonea kijicho. Linakunywa hilo, walisema,
bora mngetafuta Datsuni.

Zahran alipima boneti kwa shibiri,
akachora duara kwa mkaa,
akakata. Msumeno wa chuma, meno yamekwisha,
ukelele mpaka Bi Shemsa akatoka na upawa mkononi:
"Mnamchinja nani huko?"
Injini ipate pumzi, mama.
Akaguna, akarudi ndani, akaleta pazia kuukuu
tuvishe viti. Maua ya buluu, pindo bado lina pete.

Wekundu wake ulituchosha. Tukaipaka kijani,
rangi iliyobakia ya mlango wa msikiti,
kwa brashi. Ndiyo, kwa brashi.
Mie nikashika keekee, nikatoboa dashibodi
nifunge feni ya mezani,
maana Julai ya Maskati hakuna cha mswalie Mtume.
Tundu la kwanza likaenda upande.
Nikatoboa jengine.
Nani angejali?

Tuliitoa kwa kodi ya miezi miwili na tairi nne za pikapu.

Juzi mjukuu kanipeleka maonyeshoni, Barka.
Ukumbi una ubaridi wa bucha.
Kamba ya mahameli, zulia, na yeye katikati,
mwekundu tena.
"Halisi," alisema kijana mwenye glovu nyeupe,
"kama alivyotoka kiwandani. Hajaguswa."
Bei: nyumba yangu, na ya jirani.

Nikaomba kuchungulia.
Nikapitisha mkono chini ya dashibodi, nikapapasa,
nikayapata. Moja limekwenda upande,
la pili limenyooka,
yamezibwa, magumu kama ndui ya chanjo begani.
"Mzee, tafadhali, usiguse."

Nilitaka kumwambia. Nikazitazama glovu zake,
nikasema, mashallah, gari zuri.

Zahran amelala Al-Amerat, mwaka wa sita huu.
Lile duara alilolikata
Bi Shemsa aliliokota siku ileile, akalipiga kingo kwa nyundo
lisimkate,
na hadi leo linafunika mtungi wa maji uani kwangu.
Upande wa juu limefifia kwa jua.
Ligeuze: jekundu,
na tone moja la kijani
la yule asiyejua kushika brashi.